Barua ya wazi kwa mabinti walioandaa maonyesho ya wanawake wa Iceland

Wanangu,

Nawasalimu kwa upendo, na nawaomba mnivumilie, kwa maana barua hii inaandikwa na bibi aliyekasirika. Mlinialika kwenye kongamano lenu la Siku ya Wanawake kwa kuwa nilifundisha historia, nikayaona mabango yenu ukutani: Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa rais wa Iceland, katikati, na wenzake watano wamemzunguka. Picha zilipendeza na tarehe mlizipatia. Kisha mzungumzaji wenu akasimama na kutueleza kwamba wanawake wa Iceland walibahatika, kwa sababu nchi yao ni ndogo na wanaume wake ni waelewa, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Hapo ndipo shughuli yote iliponiingilia nyongo.

Uelewa gani huo? Mwaka 1915, Iceland ikiwa bado chini ya mfalme wa Denmark, wanawake waliruhusiwa kupiga kura za bunge kwa sharti la kuwa wametimiza miaka 40, ilhali mwanamume mwenye kaya yake alipiga kura akiwa na miaka 25. Watumishi wa kiume nao waliwekewa kikomo hicho hicho cha miaka 40, nanyi mnaweza kupima wenyewe mwanamke alihesabiwa katika daraja gani. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1920. Hata hicho kidogo cha 1915 kilikuwa jasho la Bríet Bjarnhéðinsdóttir na wenzake. Bríet alichapisha makala yake ya kwanza mwaka 1885 kwa jina la kujificha, akaanzisha gazeti la wanawake mwaka 1895 na chama cha haki za wanawake mwaka 1907. Mwaka 1908 aliingia katika baraza la mji wa Reykjavík pamoja na wanawake wengine watatu waliosimama kwa orodha yao wenyewe, bila kubebwa na chama chochote cha wanaume. Ubunge aligombea na hakuupata. Kiti cha kwanza alikipata Ingibjörg H. Bjarnason mwaka 1922.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halikuwamo kabisa katika mabango yenu, na ambalo bila hilo Vigdís haelezeki. Tarehe 24 Oktoba 1975, takribani wanawake 9 kati ya kila 10 nchini humo waliacha kazi zote, za ofisini na za nyumbani. Wanaharakati vijana walitaka uitwe mgomo. Akina mama wa mrengo wa kihafidhina walikataa, na wapo walioogopa kufukuzwa kazi. Wakakubaliana kuomba siku ya mapumziko, jambo ambalo mwajiri angeona taabu kulikataa. Ninyi mnaovunja kamati kwa sababu ya rangi ya kitenge cha sare, someni hapo mara mbili.

Siku hiyo viwanda vya samaki vilifungwa, simu zilikosa wa kuziunganisha, mameneja wa benki walikaa madirishani kuhudumia wateja, na akina baba wakaenda ofisini na watoto, wakiwa wamebeba karatasi na penseli za rangi za kuwatulizia. Soseji ziliadimika madukani, kwa kuwa ndicho chakula ambacho wengi wao waliweza kupika. Uwanjani Reykjavík walikusanyika watu wapatao 25,000, katika nchi iliyokuwa na watu 220,000 hivi. Na aliyepanda jukwaani akasikilizwa kuliko wengi ni Aðalheiður Bjarnfreðsdóttir, kiongozi wa Sókn, chama cha wanawake wa kazi za usafi na huduma za hospitali, yaani wale waliolipwa kidogo kuliko wote.

Niruhusuni niseme lililoniuma. Wakati mzungumzaji wenu akisifu wanawake wa ng'ambo, akina mama waliotupikia pilau walikuwa wamesimama mlangoni na masufuria yao. Mmoja aliuliza kama anaweza kuingia kutazama picha, akaambiwa asubiri wageni watoke kwanza. Nilimsikia kwa masikio yangu. Tumezoea, sisi tuliosoma, kuwasherehekea wanawake huku wanawake wengine wakituoshea vyombo, na wala hatuoni kinyaa. Iceland ya 1975 isingesimama hata saa moja kwa wasomi peke yao.

Vigdís siku ile alikuwa uwanjani, akiwa mkurugenzi wa kampuni ya maigizo mjini humo. Miaka mitano baadaye, mwanamke aliyeachika, mlezi wa binti wa kupanga, aliyekwisha kuugua saratani ya titi, aliwashinda wanaume watatu kwa takribani theluthi moja tu ya kura, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuchaguliwa rais kwa kura za wananchi. Alikaa madarakani hadi 1996. Yeye mwenyewe amesema kwamba bila ile siku ya 1975 asingekuwa rais.

Wale wengine sina ugomvi nao. Guðríður Símonardóttir, aliyetekwa na maharamia mwaka 1627 akauzwa Algiers na kukombolewa baada ya miaka, mmemweleza vyema. Sigríður Tómasdóttir, aliyetetea maporomoko ya Gullfoss, naye pia. Jóhanna Sigurðardóttir, waziri mkuu kuanzia 2009 hadi 2013, mngetaja kwamba alianza kama mhudumu wa ndege.

Lakini msidhani kazi ya wanawake wale imekwisha. Tarehe 24 Oktoba 2023 walitoka tena, safari hii kwa sababu ya pengo la ujira na ukatili wa kijinsia, na waziri mkuu wa wakati huo, Katrín Jakobsdóttir, hakwenda kazini. Ilikuwa miaka 47 tangu sheria ya usawa wa wanawake na wanaume ya 1976 ipitishwe. Kabla hamjayapeleka mabango hayo shuleni, wanangu, ongezeni moja la 1975 na moja la 2023. Njooni nyumbani siku yoyote baada ya alasiri, tutayaandika pamoja.

Wenu awapendaye,
Bibi, mwalimu mstaafu