Chuma chakavu huanza kuyeyushwa yadini, siyo kwenye swichi

Mhariri,

Makala mliyoitoa hivi karibuni kuhusu ukusanyaji wa chuma chakavu imenipa faraja, kwa sababu ni nadra mambo ya viwandani kupewa kurasa zaidi ya moja. Hata hivyo, ilipofika mahali pa kueleza kinachotokea kiwandani, ilipita kwa sentensi moja tu: kwamba chuma hutiwa ndani ya tanuri la umeme, umeme ukawashwa, nacho kikayeyuka na kuwa chuma kipya kisicho na tofauti na kile cha kwanza. Nimefanya kazi kwenye tanuri la namna hiyo kwa miaka mingi, na naona sentensi hiyo imeruka sehemu ambayo ndiyo inayoamua iwapo chuma kitakachotoka kitafaa, na iwapo wanaokiyeyusha watarudi nyumbani salama. Naomba nafasi niieleze.

Tanuri halitiwi chuma kwa koleo wala kwa kumwaga ovyo. Kreni huinua kapu kubwa lenye sakafu inayofunguka katikati, hulileta juu ya tanuri ambalo kifuniko chake kimesogezwa pembeni, kisha shehena yote huanguka kwa mara moja. Kwa hiyo mpangilio wa vyuma ndani ya tanuri ni ule ule uliopangwa ndani ya kapu na wafanyakazi wa yadi, yaani mahali chuma chakavu kinapokusanywa na kuchambuliwa. Chini kabisa huwekwa vyuma vyepesi, kama mabati na vinyweleo vya chuma vinavyotoka kwenye mashine za kukereza, ili vipande vizito visigonge na kuvunja matofali ya magnesia yaliyojengea sakafu. Vizito hukaa katikati, mahali ambapo joto litakuwa kali na litadumu. Juu huwekwa vyepesi tena, na hilo lina sababu yake ambayo watu wengi hawaifikirii: elektrodi, yaani nguzo zinazoleta umeme, zinatakiwa zitoboe na kuzama haraka, zijifiche ndani ya lundo kabla hazijaanza kuunguza kifuniko.

Elektrodi hizo ni nguzo za grafaiti, kwa kawaida tatu katika tanuri la mkondo geu, na katika matanuri makubwa kila moja huwa na upana wa takriban sentimita 60 au zaidi. Hushushwa hadi karibu na chuma, umeme ukaruka katika nafasi iliyobaki, na hewa iliyo hapo ikageuka kuwa tao linalowaka kwa maelfu ya nyuzi za Selsiasi, wakati chuma halisi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Mkondo unaopita ni wa makumi ya maelfu ya ampea. Mfaransa Paul Héroult, ambaye mwaka 1886 alikuwa ameshagundua njia ya kupata aluminiamu kwa umeme, ndiye aliyeifanya njia hii ya matao iwe ya kutengenezea chuma mwanzoni mwa karne ya 20, na umbo la tanuri lake bado linatambulika hadi leo.

Dakika za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Fundi huanza na volti ndogo na tao fupi, kwa kuwa chuma bado hakijazizingira elektrodi. Zikishazama, volti hupandishwa na tao hurefushwa, maana sasa lundo lenyewe ndilo linalozikinga kuta. Kila elektrodi huchimba kisima chake. Matone ya chuma hutiririka kutoka kwenye kingo za kisima hicho kwenda chini, lakini hayafiki yote: mengi hukutana na vyuma baridi njiani, yakaganda tena na kuviunganisha vipande vilivyokuwa vimelegea. Ni baada ya muda ndipo matone yanapofika sakafuni na kujikusanya. Mlio wa wakati huo ni mkubwa mno, kwa sababu tao hukatika na kuwaka upya mara nyingi katika kila sekunde huku likirukaruka kutoka kipande hadi kipande. Fundi mzoefu huusikiliza. Mlio ukitulia na kuwa wa mfululizo, anajua kwamba tao limepata chuma kilichoyeyuka cha kukalia.

Hapa ndipo kosa la yadi linapojionyesha. Kipande kizito kikiwekwa juu, tao hukawia hapo na joto lake huelekea kwenye kifuniko. Na kipande hicho kikikosa cha kukishikilia, huanguka kwa ubavu na kuivunja elektrodi. Kibaya zaidi ni kitu kisichopitisha umeme, kama pande la zege lililokwama kwenye nondo. Mtambo unaoongoza elektrodi huishusha hadi ihisi mkondo, na kwa kuwa zege halipitishi mkondo wowote, mtambo huendelea kuisukuma hadi grafaiti inavunjika. Pande moja la zege, ambalo mtu mmoja angeweza kulitoa kwa nyundo akiwa yadini, husimamisha tanuri zima.

Kuna dhana nyingine ambayo makala yenu iliiacha isimame, nayo ni kwamba umeme mwingi hutumika katika ule wakati wa chuma kugeuka kutoka kigumu kuwa kimiminika. Sivyo. Kuifikisha tani moja ya chuma kwenye nyuzi 1,600 kunahitaji, kwa hesabu tupu bila upotevu wowote, takriban kilowati-saa 380, na zaidi ya theluthi mbili za nguvu hizo huishia kukipasha moto chuma kikiwa bado kigumu. Kuyeyuka kwenyewe huchukua chini ya moja ya tano. Tanuri la siku hizi hutumia kati ya kilowati-saa 350 na 450 za umeme kwa tani, pamoja na joto linalotokana na oksijeni, kaboni na gesi, kwa kuwa sehemu kubwa hupotea kwenye moshi, kwenye maji ya kupoozea kuta na kwenye mavi ya chuma, yaani uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya chuma. Ndiyo maana viwanda vingine hukipasha chuma kwa moshi wa tanuri lenyewe kabla hakijaingia.

Viwanda vingi pia havimimini chuma chote mwishoni mwa zamu ya uyeyushaji. Hubakiza kiasi chini ya tanuri ili shehena inayofuata ipokelewe na ziwa la moto. Watu hudhani kwamba kipande baridi kikitumbukia humo huanza kupungua papo hapo. Kinyume chake, kwanza hunenepa. Chuma kilichoyeyuka kinachokizunguka hupokonywa joto, kikaganda juu yake na kutengeneza gamba, na gamba hilo ni lazima liyeyuke tena kabla kipande cha asili hakijaguswa. Kipande kinene na baridi sana hubeba gamba nene na hukaa muda mrefu. Kaboni nayo ina mchango wake: chuma chenye kaboni nyingi huweza kuyeyuka kwenye nyuzi zipatazo 1,150, kwa hiyo ziwa lenye kaboni huupenyeza kaboni uso wa kipande kigumu na kukifanya kiyeyuke kwenye joto ambalo peke yake kisingeyeyuka. Kwa maneno mengine, kipande hakiliwi na joto pekee, bali pia na ziwa linalokizunguka.

Matao matatu hayafiki kila mahali. Baina ya elektrodi, na karibu na mlango wa kutolea mavi ya chuma, hubaki pembe za baridi ambamo vyuma vinaweza kusimama hadi mwisho. Huko hutumika vichomeo vya gesi, ambavyo hufaa zaidi mwanzoni wakati chuma ni baridi na kina nafasi nyingi za kupitisha mwali. Baadaye hupulizwa oksijeni, ambayo huunguza sehemu ndogo ya chuma chenyewe na kutoa joto la kukatia kilichobaki.

Lundo likishakwisha na kuwa ziwa tambarare, tatizo hugeuka. Kuta hazina tena kinga, na tao refu lililo wazi lingeziunguza huku likipoteza umeme. Wakati huo hupulizwa unga wa makaa pamoja na oksijeni ndani ya mavi ya chuma, ambayo yameundwa kwa chokaa, dolomaiti na vitu vilivyoungua kutoka kwenye chuma. Kaboni huchukua oksijeni iliyoshikwa na chuma kilichoungua, gesi ya monoksidi ya kaboni ikatoka, na mamilioni ya viputo vyake huyaumua mavi hayo hadi yakalifunika tao. Mlio wa tanuri hushuka kwa ghafla. Katika kazi yote hii, sijui hatua inayookoa umeme na matofali kwa gharama ndogo kuliko povu hilo, na bado ndiyo inayodharauliwa na mafundi wenye haraka.

Sasa nifike kwenye lile neno la makala yenu linalonisumbua zaidi, kwamba chuma huweza kurejelezwa daima bila kupungua ubora. Tanuri halisafishi kila kitu; linagawa tu. Zinki iliyopaka mabati huchemka kwenye nyuzi 907, ikageuka mvuke na kuondoka na moshi hadi kwenye vichujio, pamoja na sehemu ya risasi, na ndiyo maana vumbi la matanuri haya huhesabiwa kuwa taka yenye sumu katika nchi nyingi. Silikoni, aluminiamu na sehemu ya fosforasi huungua na kuingia kwenye mavi ya chuma. Lakini shaba na madini ya bati (stani) haziungui mbele ya chuma, kwa kuwa chuma chenyewe hushikana na oksijeni kwa wepesi zaidi. Kwa hiyo hubaki ndani, zote, na zitabaki humo kila mara chuma hicho kitakaporudi tanurini. Shaba ikizidi sehemu kadhaa za kumi za asilimia moja, hujikusanya juu ya uso wa chuma kinapopashwa moto, ikayeyuka na kupenya kwenye viungo vya chembe zake, na chuma hupasuka kinapopitishwa kati ya roli za kukibapa. Nondo huvumilia kiasi fulani. Bati jembamba la mwili wa gari halivumilii. Kiwanda kinachopata chuma chenye shaba nyingi hakina dawa ya kawaida ila kukichanganya na chuma safi au chuma kilichotokana moja kwa moja na madini, yaani kulipunguza makali tatizo badala ya kuliondoa.

Njia ya uhakika ya kuondoa shaba ni mikono ya mtu anayeng'oa mota na nyaya kabla gari halijabanwa kuwa robota. Robota huficha. Mnunuzi huona uso wake tu, huku ndani mkiwa na mota, nyaya, mawe ya kuongeza uzito, au maji. Na maji ndiyo hatari kubwa zaidi: yakikamatwa chini ya chuma kilichoyeyuka hugeuka mvuke na kupanuka zaidi ya mara 1,600 kwa kufumba na kufumbua, yakirusha chuma cha moto hadi nje ya tanuri. Shokapu za magari na mitungi ya gesi isiyotobolewa hulipuka vivyo hivyo.

Hatari nyingine haina mlio wala harufu. Mwishoni mwa mwaka 1983 huko Ciudad Juárez, Mexico, mashine ya kutibia kwa mionzi yenye kobalti-60 iliuzwa kama chuma chakavu. Kobalti hubaki ndani ya chuma, hivyo ikawa nondo, na ilijulikana Januari 1984 pale tu lori lililobeba nondo hizo lilipopita karibu na vipimo vya mionzi vya maabara ya Los Alamos nchini Marekani. Mwaka 1998, karibu na Algeciras, Hispania, kiwanda kiliyeyusha chanzo cha sizi-137 (cesium), metali yenye mionzi, bila kujua. Sizi huvukiza, kwa hiyo ilikwenda na moshi na vumbi, na mabaki yake yakapimwa hewani katika nchi nyingine za Ulaya. Tanuri liligawa mionzi kama linavyogawa zinki na shaba.

Kwa hayo, nina maombi mawili. Wanunuzi wa chuma chakavu waache kulipa kwa uzito pekee, kwa sababu bei ya namna hiyo humlipa vizuri zaidi aliyeacha mota, zege na maji ndani ya robota kuliko yule aliyetumia siku nzima kuvitoa. Usafi wa chuma uwe na bei yake inayojulikana mapema. Nanyi, mkirudi kwenye habari hii, muanzie kwa wachambuzi wa yadini, na muwaulize wenye viwanda swali moja ambalo makala ya kwanza haikuliuliza: je, kila lori linaloingia langoni hupita kwenye kipimo cha mionzi, na nani mwenye mamlaka ya kulirudisha?

Wenu mwaminifu,
Fundi wa tanuri