Albamu ya marehemu mama ndo inanituliza, mama mkwe kaifungia kwenye begi. Nifanyeje?

Habari zenu wapendwa, naomba mnisome mpaka mwisho maana naandika huku nanyonyesha, kama kuna mahali nimeruka mnivumilie tu.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar ila kwetu ni Tanga, Ngamiani. Huyu wa pili ana miezi mitano. Wa kwanza nilijifungua mama yangu yupo, alikuja akanikanda maji ya moto, uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, nikatoka arobaini nimenawiri watu wakashangaa. Halafu mama akafariki hapo katikati, huyu wa pili nimezaa bila yeye na ndo mambo yakaanzia hapo, au pengine yangenikuta hata angekuwepo, sijui. Silali hata mtoto akilala. Nalia nikiosha vyombo, nalia nikiwa chooni, mtoto ananichekea namuona kama wa jirani nimeachiwa nimshike mara moja mwenyewe anarudi.

Kliniki nikakutana na nesi mmoja binti mdogo tu, Mungu ambariki, yeye hakuishia kupima uzito wa mtoto na chanjo akaniuliza na mimi hali yangu. Alikuwa na fomu ya maswali 10, nimekuja kujua baadaye ilitungwa Edinburgh kule Uskochi, watu wanaitumia tangu 1987. Unaulizwa kama bado unaweza kucheka, kama unajilaumu pasipo sababu, na la mwisho kama umewahi kuwaza kujidhuru. Hilo la mwisho nilijibu hapana na kweli ni hapana, msiogope. Mengine machozi yalikuwa yanadondokea kwenye kadi ya kliniki. Nikapelekwa kwa mshauri, mama mtu mzima hivi, akasema ni sonona ya baada ya kujifungua. Mi nilidhani hayo ni mambo ya wazungu, kumbe Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wanawake 100 waliojifungua kama 13 wanapata shida ya akili, hasa hiyo sonona, na kwa nchi zetu hizi ni karibu 20. Ishirini jamani, na kwenye vikao vyetu vya arobaini hakuna hata mmoja anayesema. Dawa bado hawajanipa, wamesema tuanze na maongezi, ikizidi zipo ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia.

Sasa picha zinaingiaje hapa. Yule mshauri aliniuliza utoto wangu na mama ulikuwaje nikamjibu ulikuwa mzuri, akasema mzuri vipi, nikabaki kimya. Akaniambia hiyo ni kawaida, mtu mwenye sonona ukimuuliza ya zamani anajibu kwa ujumla, kuishika siku moja yenyewe inamshinda. Akasema njoo na picha.

Nikaja na ile ya studio, Tanga, nyuma imeandikwa kwa peni 12/7/91 na muhuri wa studio umefutika nusu. Mama kasimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, pembeni stuli ina maua ya plastiki, kavaa doti ya kanga mpya bado inaonekana ngumu haijafuliwa, na mimi mapajani, kofia ya kufuma imenifunika mpaka macho. (Kasimama na mimi mapajani haiwezekani, naona nimechanganya, kakaa. Ndo akili yangu ya siku hizi hiyo.) Rangi zimegeuka wekundu wekundu kama picha zote za zamani. Nikaanza kueleza picha nikajikuta nimeongea saa nzima, mpaka harufu ya yale mafuta ya nazi aliyokuwa anatupaka. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikalala.

Nikamtumia mama mdogo ile picha kwa WhatsApp nikamuuliza habari zake. Akanipigia. Akasema wewe huoni mkono wa mama yako ulivyokukamata mguu? Alikuwa anaogopa atakudondosha. Kumbe mama alikuwa hivi hivi kama mimi! Alikuwa hataki kuoga wala kula, bibi akasema kachezewa, wakahangaika naye huku na huku, siku hiyo ya studio walimpeleka ili achangamke kidogo, na ile kanga ni ya mama mdogo. Mpiga picha alimbembeleza acheke mpaka akachoka. Mi miaka yote nilikuwa naiangalia ile picha najua mama kanuna kwa sababu watu wa zamani hawakuwa wanacheka kwenye picha.

Hiyo habari imenisaidia kuliko kitu chochote, sijui hata niwaelezeje. Kwamba alikuwa hivi, na ndo huyu huyu aliyekuja kunilea mpaka nikawa sishibi kumuangalia. Kwa hiyo nikawa kila jioni nafungua albamu, na mkubwa wangu kakaa pembeni, namuonyesha huyu bibi yako, huyu mjomba, hapa tulienda Raskazone. Dakika chache tu halafu tunaenda kula.

Lakini nisidanganye, sio kila picha ni dawa. Za kwenye simu zinaniumiza. Ile simu kuniletea yenyewe asubuhi "miaka mitatu iliyopita", unakutana na mimi mwembamba nipo kazini nimepaka wanja nacheka, siku nzima inaharibika. Ya mama nikiiangalia najiona nina watu, hiyo ya simu najiona nimeisha. Na mbaya zaidi ni picha ya arobaini ya huyu mdogo, nimevaa dera la kijani nimetabasamu, niliweka status watu wakajaza mashallah, mashallah, na siku ile ndo ilikuwa mbaya kuliko zote, nilipigwa hiyo picha nikaenda kujifungia bafuni. Nawaza huyu mtoto akikua ataiona atasema mama alikuwa na furaha.

Basi shida yenyewe. Mama mkwe amekuja kutusaidia, na anasaidia kweli, simsemi vibaya. Ila hataki picha. Kwanza zilizokuwa ukutani aliomba zishuke, akasema malaika hawaingii nyumba yenye picha, nikashusha, sitaki kubishana na mtu mzima kwenye dini yake na yangu. Ila albamu si ipo kabatini imefungwa? Akaniambia mwanangu unakaa na picha za marehemu kifuani na una kichanga, unamwita nani? Wiki hii naamka naitafuta siioni. Imeingia kwenye begi lake na kufuli juu, eti mpaka nipate nafuu. Nafuu nitaipatia wapi sasa na kinachonipa nafuu kiko kwenye begi?

Mume wangu ni mtu mzuri, anafua nepi na majirani wanamcheka, lakini kwenye hili yupo upande wa mama yake. Anasema naishi na marehemu kuliko na wao. Nikaona nimsomee nilichokuta mtandaoni, kwamba zamani huko, 1688, daktari mmoja wa Uswisi anaitwa Johannes Hofer aliandika kuwa kutamani kwenu ukiwa mbali ni ugonjwa kabisa unaodhoofisha mwili. Akanikatiza, si unaona, ugonjwa! Nikamwambia subiri, siku hizi kuna watafiti wa chuo cha Southampton, Uingereza, wakina Constantine Sedikides na Tim Wildschut, wamelichunguza hilo la kutamani ya zamani wakakuta mara nyingi mtu akikumbuka watu wake upweke unapungua na moyo unachangamka. Mtoto akalia hapo hapo, mjadala ukaishia hapo. Na kidogo namuelewa, yeye anachoona ni mimi nafungua albamu natoa machozi, hajui kwamba machozi ya albamu na yale ya kwenye vyombo hayafanani.

Naombeni ushauri hasa kwenye haya. Albamu naidaije bila kumvunjia heshima mama mkwe? Nimuombe mwenyewe nikiwa naye peke yetu, au nimtume mume wangu ambaye naye hajashawishika, au nimuite mama mdogo toka Tanga waongee watu wazima kwa watu wazima? Nimefikiria pia twende na mume wangu kwa yule mshauri aelezwe na mtu mwingine maana mimi ananiona mgonjwa. Kuna ambaye mume wake alikubali kwenda? Mlimwambiaje?

Na ile picha ya arobaini, niifute au niiprinti niandike nyuma ukweli wa siku ile ili mwanangu aje asome? Mume nikimwambia hili nahisi ndo atanipeleka kwa mganga kabisa.

La mwisho dogo tu, picha za miaka ya 90 zimegandia kwenye zile kurasa za plastiki zenye gundi, nikivuta inabanduka ngozi yake. Kama kuna anayejua namna ya kuzitoa, au fundi wa Dar ama Tanga anayezikopi bila kuzibandua, anielekeze, nikiipata albamu nataka nizipige zote kwenye simu kabla haijaingia tena kwenye begi.