Kitabu cha Picha kwa Salma

Shoga yangu Mama Salma,

Assalaam aleikum. Poleni tena na msiba wa mama, Mwenyezi Mungu amrehemu. Najua wageni wa arobaini ndio kwanza wameondoka na hata kupumzika hujapata, ila maneno yako ya juzi kwenye simu hayanitoki: kwamba Salma hataki kulala tangu alipoambiwa bibi kalala usingizi mrefu.

Mwenzangu, mtoto wa miaka minne huyachukua maneno kama yalivyo. Akisikia bibi kalala, ataogopa kufumba macho. Akisikia kasafiri, atamngoja mlangoni, na wewe ukitoka kwenda sokoni atalia akidhani ndiyo basi. Umri huo bado hawajajua kwamba aliyekufa harudi, na wengine hudhani wao ndio sababu, kwa kuwa siku moja walimkasirikia marehemu. Mwambie waziwazi: bibi amekufa, hapumui tena, hasikii njaa wala maumivu, na si kosa la mtu. Ya roho na ya Mungu mweleze vilevile kama mnavyoamini.

Najua maneno hayo ni mazito kinywani mwako, maana aliyekufa ni mama yako mzazi. Ndiyo maana nakutumia Badger's Parting Gifts, kitabu cha Susan Varley kilichotoka Uingereza mwaka 1984. Kiingereza chake kiache, simulia picha. Mnyama mzee, jamii ya nyegere, anakufa. Rafiki zake wanahuzunika, kisha kila mmoja anakumbuka alichofundishwa naye. Chura alifundishwa kuteleza kwenye barafu. Huo ukurasa upite tu. Kaa kwenye ule wa fuko, yule mnyama mdogo anayechimba ardhini, aliyefundishwa kukunja karatasi na kuikata kwa mkasi mpaka watokee mafuko walioshikana. Chukueni mkasi nanyi mkate.

Msomee mchana, umempakata. Usimuulize yeye anajisikiaje, muulize fuko ana nini. Darasani kwangu alikuwepo mtoto aliyefiwa na baba. Kila tukifika kwenye picha ya mnyama anayelia, anaifunika kwa kiganja. Nikamwacha. Siku moja akaondoa mkono mwenyewe, akasema, "Huyu anamtaka baba yake." Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza.

Akitaka kisomwe tena na tena, soma. Akikatiza katikati akakimbilia kucheza, usidhani kasahau; huzuni ya watoto huja na kuondoka, kisha ikarudi. Akikojoa kitandani, usimgombeze. Ila usingizi ukiendelea kumpotea, au akikataa kula, mpeleke kwa daktari.

Halafu tengenezeni chenu. Kina mama wa Uganda wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kupitia chama chao cha NACWOLA, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wao, walikozaliwa, mambo waliyoyapenda. Daftari la kawaida linatosha. Bandika picha ya bibi na kipande cha kanga yake, Salma achore, naye akisema kitu wewe uandike kama alivyokisema, usimsahihishe.

Kitabu na kalamu za rangi nitavituma kwa basi la kesho asubuhi. Kondakta atakupigia akifika stendi. Kisome kwanza peke yako, maana kuna kurasa zitakuliza. Na ukilia mbele ya Salma pia si vibaya, mwambie tu kwamba unamkumbuka mama.

Wako akupendaye,
Mama Idi