Ukoo wa Cerdic haukunyooka hivyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nitoe dukuduku langu kuhusu makala yenu ya wafalme wa Wessex, ufalme wa kale wa kusini mwa Uingereza. Mchoro wa ukoo ulipendeza macho, lakini umemteremsha Mfalme Alfred moja kwa moja kutoka kwa Cerdic, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ukoo huo, na Cerdic kutoka kwa Woden, bila hata alama moja ya kuuliza.

Woden alikuwa mungu wa Waanglo-Saksoni, watu waliotoka ng'ambo ya bahari wakaanzisha falme hizo, kabla ya Ukristo. Wafalme wa Kent, Mercia na Northumbria, falme nyingine za Waanglo-Saksoni, nao walijinasibisha naye. Wale wa Essex wakajichagulia mungu mwingine, Seaxnet. Waandishi Wakristo hawakumfuta Woden. Walimfanya binadamu, kisha katika tarikhi iliyokusanywa enzi za Alfred, mwishoni mwa karne ya 9, wakaivuta nasaba yake juu hadi kwa mtu aliyezaliwa ndani ya safina ya Nuhu, na kutoka hapo hadi Adamu. Mwaka 1953 mtaalamu Kenneth Sisam alionyesha kwamba majina yaliyojaza pengo kati ya Cerdic na Woden yaliazimwa kwa wafalme wa Bernicia, huko kaskazini.

Hata hapo chini kuna mushkeli. Tarikhi hiyo inasema Cerdic na mwanawe Cynric walitua Uingereza mwaka 495, wote wakiwa viongozi wa vita. Cynric huyohuyo anatawala hadi 560! Piga hesabu ya umri wake. Baadhi ya orodha za kale zinamchomeka Creoda katikati, Cynric akawa mjukuu. Nyingine hazimjui Creoda. Na jina Cerdic ni la Wabritania, wenyeji walewale anaosemekana kuwapiga. Caedwalla, aliyetawala Wessex kuanzia 685 hadi 688, naye ana jina la asili hiyo. Huenda basi ukoo huu ulichanganyika na wenyeji tangu mwanzo, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko Woden na safina, na makala haikuligusa.

Malkia Seaxburh naye hayumo, ingawa mlidai kuorodhesha watawala wote. Mumewe Cenwalh alipofariki mwaka 672, alishika utawala kwa takriban mwaka mmoja, na orodha ya kale ya wafalme wa Wessex inamtaja, mwanamke pekee humo.

Tena, Mfalme Ine wa Wessex aliachia ufalme mwaka 726. Hadi Egbert, babu yake Alfred, alipoutwaa mwaka 802 akiwa amewahi kuishi uhamishoni kwa Wafranki, huko Ulaya bara, walipita wafalme kadhaa ambao hatuoni walihusianaje. Nasaba inamuunganisha Egbert na Ingild, ndugu yake Ine. Kwa mtu anayerudi kudai kiti, undugu huo ulimfaa sana.

Mkiuchapisha tena mchoro huo, kutoka kwa Ealhmund, baba yake Egbert, kushuka hadi Alfred wekeni mstari mzito. Juu ya hapo tumieni nukta, na pembeni mwa Woden mwandike kwamba ni dai la ukoo.

Msomaji wenu,
Tanga