Kuhusu lile kopo la ashwagandha

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baba yako anakohoa kidogo. Nimeiona picha ya kopo la ashwagandha ulilonunua Kisutu, pamoja na swali lako kama unaweza kuitumia ili upate usingizi. Sikukujibu kwa simu kwa kuwa jambo lenyewe linahitaji utulivu.

Dawa hiyo si ngeni kwangu. Wahindi wameitumia tangu kale katika tiba yao ya Ayurveda, na jina lake la Kisanskriti linataja harufu ya farasi. Ukifungua kopo utaelewa mara moja. Miaka michache iliyopita, nilipostaafu na usiku ukawa mrefu, nilikuwa nikichemsha maziwa, natia nusu kijiko cha chai cha unga wa mizizi yake na asali kidogo, kisha nakunywa kabla ya kulala. Sitakuficha, usingizi ulikuja. Majaribio ya kitabibu nayo yameonyesha kuwa inaweza kupunguza wasiwasi na kusaidia usingizi, ingawa mengi yalihusisha watu wachache kwa muda usiozidi miezi mitatu hivi.

Kilichonifanya niiache ni kizunguzungu. Nilikuwa nameza vidonge vya presha bila kumwambia daktari kwamba natumia pia mmea unaoweza kuishusha presha hiyohiyo, na asubuhi moja nikajikuta nimeegemea ukuta wa bafu, nikisubiri sakafu itulie.

Kwako hatari ni nyingine, nayo ndiyo iliyonishikisha kalamu. Wewe humeza levothairoksini, yaani vidonge vya homoni ya tezi ya shingo, kila asubuhi, na ashwagandha inaweza kuongeza homoni za tezi hiyo, hivyo kipimo alichokupangia daktari kikageuka kuwa kikubwa mno, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka, na usingizi unaoutafuta ukazidi kukukimbia. Muuzaji alikwambia haina kemikali. Sidhani alikuuliza unameza nini.

Wako pia waliougua ini, mara nyingi kati ya wiki 2 na 12 tangu waanze kuitumia: macho yakawa ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, mwili ukawasha. Wengi walipona baada ya kuiacha, lakini si wote. Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023, kwa kuhofia homoni za tezi na za uzazi, na kwa kuwa inahofiwa kuharibu mimba, msiiguse kabisa kama bado mnatafuta mtoto.

Katika picha nimesoma "mchanganyiko wa mimea" bila kuona kiasi cha kila mmea. Basi lifunge kopo, ulibebe pamoja na vidonge vyako siku ya kupima damu, na daktari alisome mwenyewe. Kwa sasa kunywa maziwa ya moto matupu.

Mama yako