Majivu ya Bose yapimwe tu, yaishe

Mhariri, salamu. Hivi Wahindi watabishana kuhusu kifo cha Subhas Chandra Bose, yule mpigania uhuru wa India, mpaka lini? Ndege yake ilianguka Taipei, Taiwan, tarehe 18 Agosti 1945, akaungua vibaya akafia hospitali usiku uleule, kamati ya serikali ya India ya 1956 ikasema hivyo, tume ya Khosla nayo ikasema hivyohivyo, halafu ikaja tume ya Mukherjee ikasema hapana, hakufa kwenye ajali, ripoti ikapelekwa bungeni 2006 na serikali ikaikataa! Wengine eti alijificha Faizabad, India, akiishi kama sadhu, yaani mtawa wa Kihindu, mi hiyo hainiingii akilini kabisa. Majivu yanayosemekana ni yake yapo hekalu la Renkoji, Tokyo, na binti yake mwenyewe Anita kashaomba yapimwe DNA. Sasa kinachongojewa nini?

Msomaji wenu, Tanga