Toleo jipya la ramani lisiwe sababu ya kutupa la zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie jambo linaloniuma: tabia ya ofisi, shule na maktaba kutupa ramani za zamani za topografia, yaani zile zinazoonyesha sura ya nchi kama vilima, mito, njia na majengo, kila toleo jipya linapofika. Sababu inayotolewa ni ile ile, kwamba zimepitwa na wakati. Kwa anayetafuta barabara ya kupita leo, ni kweli. Lakini kwa anayetaka kujua kwao palikuwaje kabla hajazaliwa, ramani iliyopitwa na wakati ndiyo hasa anayoihitaji.

Vitabu vya historia aghalabu huwazungumzia wakubwa na miji mikubwa. Mpimaji wa ramani, kwa upande wake, alitumwa kuchora alichokikuta: kisima, kinu, kivuko, makaburi, njia ya miguu, hata nyumba moja moja. Tazama Ireland. Kisiwa kizima kilipimwa kwa skeli ya inchi sita kwa maili (inchi sita kwenye karatasi kwa kila maili moja ya ardhi) kuanzia 1824 hadi 1846, na njaa kuu ya viazi, iliyoua na kuhamisha watu wengi, ilianza 1845. Kwa hiyo ramani zile zilinasa nchi ikiwa bado imejaa watu. Humo utaona vibanda vya wakulima vimebanana, vingine havina hata njia rasmi ya kuvifikia. Ziweke kando ya ramani za inchi 25 kwa maili zilizofuata mwishoni mwa karne ya 19, na sehemu nyingi vibanda vile hutaviona. Yamebaki mashamba yaliyonyooshwa mipaka. Wengi wa waliokaa pale hawakuacha barua wala picha. Kijialama kile cheusi ndicho ushahidi kwamba palikuwa na mlango, jiko na watoto.

Marekani nako kuna mfano ninaoupenda sana. Kwenye ramani zao za zamani shule ilichorwa kama kijisanduku cheusi chenye bendera juu yake, na kanisa kama kijisanduku chenye msalaba. Chukua karatasi ya eneo la mashambani la mwanzoni mwa karne ya 20 uhesabu bendera, kisha uhesabu tena kwenye toleo la miaka 50 baadaye. Bendera zinapungua, kwa sababu shule ndogo za chumba kimoja ziliunganishwa kuwa shule kubwa chache. Huhitaji shahada ya historia kuligundua hilo. Mtoto wa darasa la sita analiweza. Huko huko, miji minne ya jimbo la Massachusetts, yaani Dana, Enfield, Greenwich na Prescott, ilifutwa rasmi 1938 kupisha bwawa la Quabbin. Anayetaka kujua barabara zilipita wapi kabla ya maji kujaa, ramani za kabla ya bwawa zinamwonyesha.

Lakini ramani inataka kusomwa kwa makini. Watu wengi huangalia mwaka uliochapishwa pembeni na kudhani wamemaliza. Mwaka wa kuchapishwa si lazima uwe mwaka wa kupimwa. Karatasi inaweza kuchapwa tena miaka mingi baada ya mpimaji kuondoka, na kilichobadilika ni barabara kuu tu. Wamarekani walikuwa na utaratibu mzuri hapa: mabadiliko yaliyotolewa kwenye picha za angani, bila mtu kwenda kuyahakiki uwanjani, yaliongezwa kwa rangi ya zambarau. Karatasi moja ikawa na nyakati mbili, na msomaji anaziona. Vilevile, katikati ya miji iliyojaa walipaka rangi ya waridi wakaacha kuchora nyumba za kawaida. Asiyesoma ufunguo wa ramani anaweza kudhani hapakuwa na watu.

Tena tusisahau zilichorwa kwa ajili ya nani. Shirika la upimaji la Uingereza, Ordnance Survey, lilianza 1791 kwa mahitaji ya jeshi, na ramani yake ya kwanza, ya 1801, ilikuwa ya Kent, upande unaotazamana na Ufaransa. Askari anaandika kilima, daraja na mto unapovukika. Haandiki nani alihamishwa, wala kwa nini. Hilo wanalijua wazee. Ndiyo maana naamini ramani ya zamani itandazwe mezani mbele yao, siyo kufungiwa kabatini. Kidole cha mzee kikigusa jina la kijito, maelezo yanaanza kumiminika yenyewe.

Kuhifadhi kunawezekana. Shirika la jiolojia la Marekani limeweka mtandaoni bure ramani zake za kuanzia 1884 hadi 2006, na Maktaba ya Taifa ya Scotland inamruhusu yeyote kulinganisha ramani ya zamani na picha ya leo ya setilaiti. Wenye uwezo mdogo waanze na hatua ndogo: wabaki na kila toleo, wazilaze bila kuzikunja, na wanapozipiga picha wasikate pembeni, maana tarehe ya upimaji na ufunguo viko huko huko pembeni.

Na anayesimamia stoo yenye makaratasi hayo, kabla hajaamuru yachomwe, nakuomba ndugu yangu uwaite kwanza walimu wa historia na jiografia wa shule za jirani waje wayapitie.

Wako,
Msomaji na mpenzi wa ramani